Ramani Niliyoishona Mwenyewe

Jumatatu, 6 Mei

Wametuvamia kwa karatasi! Baraza la mji limebandika tangazo kwenye dirisha la ofisi ya mtaa: barabara yetu inapangwa upya. Upande mmoja utakuwa wa makazi pekee. Hakuna karakana, hakuna mashine, hakuna kelele. Upande wa pili utakuwa wa biashara, na ruhusa ya kujenga hadi ghorofa nne. Wenye maoni wafike ukumbi wa shule Jumamosi. Chini yake kuna maandishi mengine madogo. Pembeni kuna ramani ya rangi mbili: kijani ni makazi, damu ya mzee ni biashara.

Nani yuko upande upi? Hapo ndipo penye roho yangu. Mimi ni fundi cherehani. Nyumba yangu ni vyumba viwili nyuma na karakana mbele. Dirisha pana linatazama barabara, na cherehani nne zimekaa chini ya mwanga wake. Nilianza na moja ya kuazima, mkanda wake umefungwa fundo. Hakuna aliyenishika mkono. Leo waje waseme karakana itoke? Nitakula nini, uzi?

Nikaenda ofisini. Watu wamejaa dirishani, kila mmoja anasoma kwa sauti na hakuna anayesikilizana. Karani akatangaza kwamba ramani haibanduki pale hata aje nani. Sawa, mama. Nikarudi nyumbani, nikachukua bafta nyeupe, ile nyepesi ya bitana, nikaitandaza juu ya ramani na kufuatisha mistari yote kwa chaki. Kila kipande nikakiandikia herufi: K, kijani, D, damu ya mzee. Kuisoma? Nitaisomea kwangu kwa nafasi. Pale pana viwiko.

Alasiri yote nimeshona. Kijani nimekata kwenye mabaki ya sare za shule. Damu ya mzee, mabaki ya majoho ya kwaya. Chaki nimeiacha nyuma, rangi nimeziweka mbele, kama inavyotakiwa kwa nguo yenye adabu. Pindo nusu inchi pande zote. Mke wangu, ambaye hasifu kitu mpaka kifuliwe mara tatu, alisema imependeza.

Ndipo nikaisoma. Shule iko juu, soko liko chini. Ukiitazama shule, sisi tuko mkono wa kulia.

Mkono wa kulia: kijani kitupu!

Na kushoto, penye damu ya mzee, penye biashara na ghorofa, yupo nani? Saruji. Saruji, muuza vifaa vya ujenzi, ambaye lori lake hupakua mifuko kila siku ninapoanika gauni jeupe. Saruji anayeniita Sindano mbele ya wateja wangu.

Chai imenishinda.

Jumanne, 7 Mei

Usingizi sikupata, lakini mpango nimepata. Nimeitisha upande wetu wote barazani kwangu. Nyumba kumi na moja, wamekuja watu thelathini na nane. Nikaitundika bafta mlangoni. Kelele zikalipuka. Mama Saluni akashika kichwa, akauliza masufuria yake ya kuchemshia taulo atayapeleka wapi na umri huu. Mwalimu Mstaafu, ambaye hana biashara yoyote, alikasirika kuliko wote. Anasema yeye hukasirika kwa kanuni.

Nikachaguliwa mwenyekiti wa kamati. Hakuna aliyenipinga, kwa sababu wengine walikuwa bado wanapiga kelele.

Azimio letu ni fupi, kwa rangi tu, ili hata baraza lielewe: upande wa kijani ugeuzwe uwe biashara, na upande wa damu ya mzee ndio uwe makazi pekee, karakana na maghala yote yatoke huko. Nikaliandika juu ya ramani yenyewe kwa chaki yangu nyeupe, na wote wakatia saini hapo hapo. Mwalimu alidai kalamu ya wino, akasema saini ya chaki ni mambo ya ubaoni. Nikamkatalia. Wino hautoki, na bafta ile baada ya Jumamosi inarudi kuwa bitana.

Mke wangu akaniuliza kama nimerudi dirishani kuilinganisha na ile ya baraza. Nikamjibu kwamba fundi anayejiamini hampimi mteja mara mbili. Akasema ndiyo maana kuna suruali nyingi fupi hapa mjini.

Alasiri akaja Saruji. Ameshasikia. Akasimama mbele ya bafta, mikono nyuma, anatikisa kichwa kwa raha. Kisha akanishukuru! Akasema hata baraza lenyewe halijafanya kazi safi namna hii, na kwamba mtu akiona bahati yake imeshonwa hivyo analala vizuri. Akaomba nimwazime futi yangu ya kupimia.

Nikampa. Sijui kwa nini. Mtu akiniomba futi mkono hutoka wenyewe.

Jumatano, 8 Mei

Saruji anapima! Kwa futi yangu! Tangu asubuhi amechomeka vijiti na kuvuta kamba kwenye uwanja wake. Ghorofa nne. Nikaketi nikapiga hesabu. Ghorofa nne ni futi arobaini, si pungufu. Barabara yetu ni futi thelathini. Jua likianza kushuka upande wake, kivuli kitavuka barabara na kuingia dirishani kwangu bila hodi. Nguo nyeusi hazishonwi kizani. Basi hata baraza likiniacha, kivuli kitanitoa.

Ikanijia akili. Kubwa. Kama kushoto ndiko kwenye heri, kwa nini nikae kulia nikilia? Tubadilishane!

Nikavuka. Nikampa Saruji heshima zote, nikamwita jirani, nikamwita kaka, nikameza na Sindano yake. Nikamweleza kwamba nyuma ya ghala lake kuna nyumba ya vyumba viwili inayokaliwa na panya. Anipe hiyo pamoja na uwanja wake wa mbele, mimi nimpe nyumba yangu na karakana, nyumba kwa nyumba. Akacheka mpaka akashika mfuko wa saruji asianguke. Nikaongeza cherehani moja. Akaacha kucheka. Nikaongeza ya pili. Akakaa chini. Nikataja ya tatu, ile ya umeme.

Akasema, ndugu yangu Sindano, jambo hili ni zito, nipe mpaka Jumamosi mkutano ukishaisha. Namjua. Anataka baraza lipige muhuri kwanza ndipo anikamue vizuri.

Mke wangu sijamwambia. Jambo likiwa bichi halipelekwi jikoni.

Alhamisi, 9 Mei

Mama Saluni ameleta habari: Afisa Mipango wa baraza atapita leo mitaani kuona shughuli zilizopo kabla ya mkutano. Aone nini kwangu? Wiki hii wateja wawili, mmoja akitafuta njia ya kwenda sokoni.

Hapo ndipo mtu anapojulikana kama alizaliwa na kichwa au kofia. Nikatuma neno: kila mwanakamati aje na nguo, akae foleni, aonekane mteja. Kufikia saa nne benchi limejaa mpaka nje. Mama Saluni ameleta mapazia, na ameahidi kwamba binamu yake naye yuko njiani. Mwalimu ameleta koti lake la harusi, akasisitiza kwamba kweli lipanuliwe tumboni, na bure, kwa kuwa yuko kazini. Wengine waliobaki wameshikilia mashuka.

Akaingia mtu mwembamba, shati la bluu, bahasha kwapani. Akaanza kuuliza mwenye karakana ni nani. Nikamjua mara moja: huyu ni yule binamu wa Mama Saluni aliyeahidiwa tangu saa tatu. Nikamfokea. Sasa ndio unafika? Watu wamekaa hapa tangu asubuhi! Nikamtwisha suruali mikononi, nikamkalisha mwisho wa benchi, nikamfundisha: ukiulizwa, wewe ni mteja wangu wa miaka sita, na hujawahi kusikia kelele ya mashine.

Alitii. Mtu mpole sana. Akauliza kwa sauti ya chini kama foleni huwa hivi kila siku. Nikainama sikioni mwake nikamwambia, ndugu yangu, siku nyingine hapa hukaa mimi na nzi, na nzi huondoka mapema.

Akakaa na ile suruali karibu saa nzima, anatazama cherehani, dari, dirisha. Nikaona shati lake halina kifungo cha tatu. Kwa kuwa alivumilia, nikamshonea kimoja bure. Cheusi, cha bluu sikuwa nacho. Akashukuru, akaenda.

Afisa hakutokea kabisa! Watu wazima thelathini tumeshinda na mashuka mapajani kama tunaojifungua. Mtu anaajiriwa, analipwa, na saa hana.

Ijumaa, 10 Mei

Mke wangu ameshajua. Saruji alimwambia mke wake, mke wake akamwambia Mama Saluni, na ukishamwambia Mama Saluni ni sawa na kupiga king'ora.

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Aliendelea kutoboa matundu ya vifungo, tundu moja, tundu la pili, kisha akaniuliza kwa upole ni cherehani zipi tatu. Nikasema sijaamua. Akanikumbusha kwamba ya pili kutoka dirishani ni yake, aliinunua kwa kazi ya vifungo, na kwamba kuta hizi mbili za nyuma alizikandika yeye na ujauzito wa miezi saba huku mimi nikiwa juu ya ngazi natoa maelekezo. Kwa hiyo, Baba, akasema, ukihama, hama salama. Utatutembelea.

Nikamweleza hesabu zote: futi arobaini, futi thelathini, kijani, damu ya mzee. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema hesabu ni nzuri.

Amenipakulia chakula kwenye sahani ya wageni. Sijawahi kuogopa sahani namna hii.

Saruji naye ameshaagiza kibao cha jengo lake. Naona fundi wa kuchora amefika na rangi.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika nikiwa bado nina nyumba. Sifa zote kwa Mwenyezi Mungu na kwa chaki ya cherehani.

Ukumbi ulifurika. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagonga kidevu. Saruji alikuwa mstari wa mbele kwa suti ambayo sikuishona mimi, na mabega yake yalisema hivyo. Nikaitundika bafta yangu ubaoni. Makofi! Ya baraza waliitundika pembeni, ndogo, imekunjamana. Nilisikia aibu kwa niaba yao, nikaepuka kuitazama.

Akaingia Afisa Mipango, akaketi meza kuu. Mtu mwembamba. Shati la bluu. Kifungo cha tatu, cheusi.

Yule wa suruali! Akanitazama, akanisalimia kwa kichwa kama watu wanaojuana. Nikatamani sakafu ipasuke, lakini watu thelathini na nane walikuwa wananisukuma mgongoni, mwenyekiti, mwenyekiti. Nikasimama.

Nilisema vizuri, hilo hakuna wa kuninyang'anya. Nilieleza mtu anavyojijenga kwa vidole vyake. Nilieleza mwanga wa dirisha. Sauti ilipokuwa juu kabisa nikanyoosha kidole: upande wa damu ya mzee ufanywe makazi pekee, na karakana zote za huko zitoke, hata kesho! Wetu wakapiga meza. Afisa akaandika. Neno kwa neno, niliona.

Kisha akaniuliza, kwa upole uleule wa benchi, kama naweza kutazama ramani ya baraza kidogo. Akainuka, akaishika bafta yangu, akaisogeza karibu na yao.

Zikasimama bega kwa bega kama mtu na kioo. Kijani chao kushoto, changu kulia. Damu ya mzee yao kulia, yangu kushoto. Afisa akasema, Fundi, naona hii nguo umeivaa nje ndani.

Nikaelewa papo hapo, jasho likanishuka mpaka kwenye soksi. Nilifuatisha mistari vizuri. Lakini mkono wa fundi unajua sheria moja: penye chaki ni nyuma ya nguo. Nikaigeuza bafta na kushona rangi upande wa pili, kulia ikawa kushoto. Kwenye nguo huna hasara, maana bega moja ni pacha wa jingine. Barabara haina pacha.

Watu wakanyoosha shingo, wakitazama ramani hii na ile. Wa kwanza kuamka alikuwa Mama Saluni. Jamani, akapiga yowe, damu ya mzee ni sisi!

Ndiyo. Upande wetu ulipewa biashara tangu Jumatatu. Na mimi, mwenyekiti, kwa saini thelathini na nane, nimetoka kuliomba baraza litufukuze. Hata kesho.

Saruji hakuchelewa. Akasimama na mabega yake, akasema yeye na upande wake wote wanaiunga mkono hoja ya mheshimiwa fundi kwa mikono miwili, na iandikwe kama ilivyosemwa, bila kupunguza herufi. Mheshimiwa! Miaka yote Sindano, leo mheshimiwa.

Mke wangu alikuwa nyuma karibu na mlango. Aliipitisha tu mikono yake juu ya sketi, kama mtu anayepangusa makombo.

Chaki! Nikairukia bafta, nikaishika pembe mbili na kuikung'uta. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Azimio na saini zote vikapaa ukumbini kama ukungu. Mwalimu akapiga chafya, nadhani alivuta yake mwenyewe. Nikamgeukia Afisa nikamwambia kwamba ombi la maandishi sasa halipo, atazame mwenyewe. Na ya mdomoni niliyasema nje ndani kama nguo ilivyokuwa. Basi kama ameweza kuigeuza nguo, ayageuze na maneno.

Ukumbi ulicheka mpaka madawati yakalia. Afisa naye alijaribu kujizuia, kifungo changu kikamsaidia kushika shati. Akakata mstari kwenye karatasi yake. Nimeuona mstari ule. Sijaona mstari mzuri hivyo tangu nijifunze kushika mkasi.

Kisha akasema jambo jingine. Kwamba aliyesoma tangazo mpaka chini angeona maandishi madogo: shughuli zilizopo hazihamishwi, upande wowote. Ghala la Saruji linabaki, saluni inabaki, karakana yangu inabaki. Yanayopangwa ni mapya tu. Akasema mtu pekee aliyekaribia kuondolewa katika mtaa huu wote ni fundi, na ni kwa kujiombea. Akaongeza kwamba benchi langu amelikagua kwa kulikalia, na kelele hakusikia, kama alivyofundishwa.

Nilikaa kwenye dawati la mtoto nikacheka kama mtoto.

Mlangoni Saruji alinishika kiwiko. Jirani yangu mpendwa, akasema, lile jambo letu nimekubali. Nyumba kwa nyumba. Cherehani baki nazo zote, mimi si mlafi. Kabla sijafungua mdomo mke wangu akawa katikati yetu. Akamwambia, shemeji, pole sana, nyumba yetu haina saizi yako.

Leo amenipakulia kwenye sahani yangu ya siku zote, ile yenye ufa. Nimekula mpaka ufa nikauona.

Jumapili, 12 Mei

Nimelala kama gunia. Nimeamka nikakaa dirishani bila kazi, natazama mwanga ukiingia. Futi sita kwa nne za mwanga, na zote ni zangu.

Saruji amefuta kibao chake. Amerudisha futi, imevutika kidogo, sitasema kitu. Alipogeuka nilimwita, nikampa kiti, tukanywa chai. Anasema alikuwa hapati usingizi kwa kufikiria gharama za ghorofa ya nne, na sasa amepumzika. Tumecheka wote wawili. Hakuniita Sindano zaidi ya mara moja.

Kamati imekuja kunipongeza. Wamesahau kabisa mwanzo wa jambo; wanakumbuka kwamba nilisimama, nikasema, na upande wetu ukapata biashara. Mama Saluni anasema bila mimi tungekwisha. Nilitaka kumsahihisha. Lakini ni mgeni, na mgeni hasahihishwi.

Nimemwahidi mke wangu mambo mawili mbele ya cherehani yake. Karatasi yoyote nitaisoma mpaka mstari wa mwisho. Na sitamkusanya mtu kabla sijaelewa jambo. Amesema ameshuhudia.

Jumatatu, 13 Mei

Wamerudi! Baraza limebandika karatasi mpya kwenye nguzo ya umeme ya ng'ambo, mkabala na saluni. Nimeiona nikiwa upande huu wa barabara, gari lilikuwa linapita katikati, lakini nilichokiona kinatosha. Muhuri. Tarehe. Na picha kubwa ya mbwa.

Mbwa!

Kumbe ndiyo maana walitupa biashara kwa upole vile. Wanataka kutujengea banda la mbwa wa ulinzi. Nimepiga hesabu. Mbwa arobaini kwa uchache, kila mmoja abweke mara mia kwa siku, ni mibweko elfu nne mteja akiwa anapimwa kiuno. Nani atasimama wima?

Mke wangu amepita pale akienda sokoni. Ameanza kunieleza habari ya chanjo na siku ya kuwaleta wenye mbwa wao, nikamwomba radhi, leo sina nafasi ya mambo ya afya. Nimeshatuma neno nyumba zote kumi na moja, na safari hii nimemtumia Saruji pia, maana ghala lake liko jirani na hatari. Amekasirika sana. Analeta watu wake. Tunakutana saa kumi, barazani kwangu.

Mke wangu anasema nivuke barabara nikaisome ile karatasi.

Nitaisoma. Mkutano ukiisha tu.